Kila Robo Mwaka Natangaza Malengo Mapya, na Wafanyakazi Wangu Wamejifunza Kusubiri Yapite

Kwako Mshauri,

Ninaongoza kampuni ya kusambaza vifaa vya ofisi ambayo niliianzisha pamoja na mbia wangu miaka tisa iliyopita. Tulianza wawili, na leo tuna wafanyakazi wapatao 30. Mbia wangu anashughulikia fedha, mikopo na mazungumzo na benki, nami nasimamia uendeshaji wa kila siku: mauzo, stoo, usafirishaji na wafanyakazi. Kwa miaka mingi tuliendesha mambo kwa kukimbizana na oda. Tatizo likitokea tulilitatua, na kesho yake tukaanza na jingine. Kampuni ilipokua niliona kwamba sitaweza kuendelea hivyo, kwamba imenibidi niwe kiongozi wa kweli na si mzima moto, nikaanza kuhudhuria mafunzo na kujiwekea malengo.

Tangu hapo, kila robo mwaka huitisha kikao cha wafanyakazi wote na kutangaza malengo ya kampuni, ambayo kwa kawaida huzidi kumi. Nami mwenyewe hujiwekea mazoea ya kunijenga: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kuandika mpango wa siku, kusoma, kutojibu ujumbe wowote kabla ya saa nne asubuhi, na kuzungumza ana kwa ana na kila mkuu wa kitengo mara moja kwa wiki. Wiki za mwanzo mambo hunyooka. Kisha mteja mkubwa hulalamika, au mzigo huchelewa, au mtu muhimu huacha kazi ghafla, na mazoea yote huanguka kwa mkupuo. Nikishaanguka hivyo naona haya kuyataja tena yale malengo, na watu nao hawayataji, hadi robo mwaka nyingine inapofika nami nasimama tena mbele yao na orodha mpya.

Mwezi uliopita msaidizi wangu mkuu, mtu ninayemheshimu sana kwa utulivu wake, aliniambia kwa upole kwamba watu wamejifunza kusubiri. Alisema, “Ukileta jambo jipya tunaitikia, kwa sababu tunajua litapita.” Maneno hayo yameninyima usingizi. Baadaye nilisikia kwamba amekuwa akizungumza na kampuni nyingine, ingawa yeye mwenyewe hajaniambia.

Wakati huohuo mbia wangu amechoka. Anasema tatizo langu ni kupenda mambo mengi laini, na kwamba tunachohitaji ni lengo moja gumu lenye namba: mauzo yaongezeke kwa nusu ndani ya mwaka mmoja. Kila muuzaji apewe kiwango chake cha mwezi, anayekifikia apate bonasi, na anayeshindwa kukifikia miezi mitatu mfululizo aondoke. Anataka nilitangaze lengo hilo kwenye kikao cha mwisho wa mwezi huu. Upande mmoja wa nafsi yangu unaona ana haki, kwa maana namba haina ubishi. Upande mwingine unaogopa, bila kujua hasa unaogopa nini.

Naomba unisaidie kufikiri. Mtu asiyeweza kujisimamia mwenyewe ana haki gani ya kuwasimamia wengine? Nitangaze lengo la mbia wangu? Au ninyamaze hadi nitakapokuwa nimejirekebisha?

Wako,
Kiongozi Aliyechoka Kuanza Upya

JIBU LA MSHAURI

Ndugu yangu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimeona ndani yake mambo matatu ambayo wewe umeyafunga fundo moja. Kuna mazoea yako binafsi yanayovunjika, kuna wafanyakazi walioacha kuyachukulia malengo kwa uzito, na kuna lengo la mauzo ambalo mbia wako anataka ulitangaze. Jinsi ulivyoandika, jambo la kwanza ndilo lililozaa la pili, na la tatu lingekuwa ama dawa ya yote mawili au adhabu yake. Huenda ni hivyo. Lakini kabla hatujakubaliana ningependa tuyatenganishe, kwa sababu nadhani yana uhusiano mdogo kuliko unavyodhani.

Nianze na orodha yako ya mazoea. Umetaja matano, na katika hayo manne ni yako peke yako. Ukikosa kuamka saa kumi na moja alfajiri, hakuna mtu kazini atakayejua. Usiposoma, usipoandika mpango, ukijibu ujumbe saa mbili badala ya saa nne, kampuni haitatikisika. La tano ni la namna nyingine kabisa. Mkuu wa stoo aliyezoea kuzungumza nawe kila wiki, kisha akaachwa bila neno, anajua siku hiyohiyo kwamba jambo limekufa. Katika daftari lako mazoea yote yana uzito mmoja, na ndiyo maana yanapoanguka unayahesabu yote kuwa ni ushahidi dhidi yako. Je, inawezekana kwamba kinachowaumiza watu wako ni kukosekana kwa jambo moja tu kati ya hayo matano?

Hapa niseme kwamba nina ugomvi wa siku nyingi na mafunzo yanayouza asubuhi ya kiongozi, kana kwamba uongozi ni jambo linalofanyika kabla watu wengine hawajaamka. Sisemi kwamba kuamka mapema ni kubaya, na kama kunakupa utulivu endelea nako. Lakini tazama kazi yako ilivyo. Mtafiti Henry Mintzberg wa Kanada aliwafuatilia wakuu watano wa mashirika wakiwa kazini, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1973 alionyesha kwamba nusu ya shughuli zao zilidumu kwa muda usiofika dakika tisa. Hao walikuwa wakuu wa mashirika makubwa wenye wasaidizi wengi. Kukatizwa kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Mpango unaohitaji siku tulivu ili usimame ni mpango wa kazi nyingine, na mtu anayeuvunja mpango huo hajathibitisha kwamba hana nidhamu.

Kuhusu muda pia nadhani unajihukumu mapema mno. Watafiti wa University College London wakiongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga zoea moja moja la kula, kunywa au kufanya mazoezi, wakachapisha matokeo yao mwaka 2010. Ilichukua wastani wa siku 66 zoea kufikia hali ya kujiendesha lenyewe, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Waligundua pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kwa kiasi cha kutajika. Yalikuwa mambo mepesi ya mtu binafsi, kwa hiyo nisingependa uzichukue namba hizo kama ratiba ya kujifunza kuongoza kampuni. Ninachokuonyesha ni kwamba kila mmoja wao alikuwa akijenga zoea moja. Wewe unajenga matano kwa pamoja, unayapa wiki chache, na moja likitetereka unayaacha yote. Ukiniuliza ni zoea gani hasa linalokugharimu, ningelitazama hilo la kuacha yote kabla ya mengine.

Kuna mbinu moja ambayo huenda ikakufaa. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, ameonyesha kwamba watu hutimiza nia zao zaidi wanapoamua mapema watafanya nini endapo hali fulani itatokea, kuliko wanapobaki na nia ya jumla. Kwako ingekuwa hivi: mteja mkubwa akilalamika siku niliyopanga kuzungumza na mkuu wa kitengo, nitamfuata alipo tuzungumze dakika kumi tukiwa tumesimama, wala sitaahirisha hadi wiki ijayo. Unayajua matatizo yanayokuangusha, umeyaandika mwenyewe: malalamiko, mzigo uliochelewa, mtu kuacha kazi. Ni matatu, na hayaji kwa kificho. Hatari ya mbinu hii ni kwamba mtu anayependa orodha, nami naona unazipenda, anaweza kujiandikia maamuzi ya namna hiyo 20 na yakawa mzigo mwingine. Ukiijaribu, ijaribu kwa zoea lile moja ambalo mtu mwingine analingoja.

Sasa tuje kwa wafanyakazi wako. Umeyapokea maneno ya msaidizi wako kama hukumu, nami siyasomi hivyo. Mtu aliyekata tamaa kabisa angeendelea kuitikia tu. Yeye alichukua hatari ya kukueleza jambo ambalo kila mtu ofisini analijua isipokuwa wewe, tena alilisema kwa upole. Hebu tazama pia maana ya alichokisema. Watu wako si wavivu wala wakaidi, wanasoma dalili kwa usahihi. Mfanyakazi hafuati kinachotangazwa kwenye kikao, hufuata kile anachoulizwa kesho yake asubuhi. Ukifika kazini swali lako la kwanza ni lipi? Kama ni “Mzigo wa fulani umeondoka?”, basi lengo halisi la kampuni yako ni kutowachelewesha wateja, hata kama halijawahi kuandikwa popote. Na si lengo baya hata kidogo. Kampuni iliyotoka watu wawili hadi 30 ndani ya miaka tisa haikufika hapo bila mazoea mazuri, na nashangaa kwamba katika barua ndefu kama hii umeyataja kwa neno moja tu, kuzima moto. Ni nani aliyekuambia kwamba uliyokuwa ukiyafanya zamani hayakuwa uongozi?

Jambo lililonigusa zaidi ni lile ulilolipita haraka: mkishindwa, hakuna anayeyataja malengo tena. Maana yake ni kwamba malengo yenu hayajawahi kufutwa. Kila robo mwaka mnaongeza kumi juu ya mengine ambayo hayakufikiwa, hayakuahirishwa, hayakufutwa, yalinyamaziwa tu. Kwa mfanyakazi hilo linachosha kuliko kushindwa kwenyewe, kwa sababu hajui kama bado anadaiwa. Aliyekuwa ameanza kutengeneza daftari jipya la stoo kwa ajili ya lengo la robo mwaka iliyopita, aendelee au aache? Akiendelea anaweza kuonekana hakusikia, akiacha anaweza kulaumiwa. Njia salama kwake ni kufanya kidogo na kusubiri, na ndivyo wanavyofanya. Kikao cha mwisho wa mwezi kingeweza, ukipenda, kuwa kikao cha kupitia malengo ya nyuma moja baada ya jingine, na kusema wazi lipi limekufa, lipi linaendelea, na nani alilifanyia kazi hata kama halikukamilika. Ni kikao kisicho na shamrashamra, na huenda mbia wako akakiona cha kurudi nyuma. Lakini kingekuwa tofauti na vyote vilivyotangulia, na wafanyakazi wangeliona hilo bila kuambiwa.

Kuhusu lengo la mauzo, nianze kwa kumtendea haki mbia wako, kwa sababu hoja yake ina msingi. Watafiti Edwin Locke na Gary Latham wamelichunguza suala hili kwa miongo kadhaa, na matokeo yao ya kudumu ni kwamba lengo mahsusi na gumu huleta utendaji bora kuliko kuwaambia watu wajitahidi kadiri wawezavyo. Namba moja pia ingekata ile orodha yako ya kumi na kitu, na hata baadhi ya wauzaji wako huenda wakapumua wakijua hatimaye wanapimwa kwa nini. Kuikataa namba kwa sababu tu inatisha kungekuwa na hasara yake: mbia wako angeendelea kuamini kwamba unajilinda, na kutoelewana kwenu kungejulikana na kila mtu.

Hata hivyo, watafiti haohao wanasema lengo gumu hufanya kazi chini ya masharti. Lazima mtu awe amelikubali, awe na uwezo wa kulifikia, na awe anapata taarifa za mara kwa mara kuhusu alipofika. Pale ambapo watu hawajui bado njia ya kufika, lengo la kujifunza hufaa zaidi kuliko namba ya mwisho, yaani badala ya “uza kiasi hiki”, wapewe kazi ya kutafuta na kujaribu njia kadhaa za kuwafikia wateja wa aina mpya. Kwa hiyo swali la kumuuliza mbia wako, bila ubishi, ni hili: hiyo nusu ya nyongeza anaiona ikitoka wapi? Wateja tulio nao wataongeza oda, au lazima tupate wapya, na je, wauzaji wetu wanajua kutafuta wapya? Kama majibu yapo, namba yake ina miguu. Kama hayapo, namba itawafikia wauzaji bila njia ya kuifikia, na wao watabuni njia zao.

Hapo ndipo nadhani hofu yako isiyo na jina inapokaa. Huko Marekani, benki ya Wells Fargo iliwawekea wafanyakazi wa matawi malengo makali ya kuuza bidhaa nyingi kwa kila mteja, wakilenga hadi bidhaa nane. Wafanyakazi waliobanwa na malengo hayo walifungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 mamlaka ziliitoza benki hiyo dola milioni 185, na ikafahamika kwamba wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa sababu ya vitendo hivyo. Mwaka 2020 ikakubali kulipa dola bilioni 3 kumaliza mashauri ya serikali juu ya suala hilohilo. Sisemi wauzaji wako watafanya hayo. Nakuomba tu umfikirie muuzaji mmoja unayemfahamu vizuri, ameshindwa miezi miwili, huu ni wa tatu, na zimebaki siku mbili mwezi uishe. Atamsukumia mteja mzigo ambao atarudishiwa mwezi ujao? Atampa mkopo mtu asiyelipa? Atamnyang’anya mwenzake mteja? Wewe umekaa nao miaka, unajua majibu kuliko mimi. Na kwa kuwa mbia wako ni mtu wa fedha, mizigo inayorudishwa na madeni yasiyolipika ni lugha anayoielewa vizuri kuliko neno “wasiwasi”.

Kati ya kulitangaza lengo kama lilivyo na kulikataa kuna nafasi pana. Mnaweza kubaki na namba mkaondoa tishio la miezi mitatu, ingawa mbia wako ataona meno yameng’olewa. Mnaweza kuiambatanisha na kipimo cha pili kinachotazama madhara, kwa mfano mauzo yahesabiwe baada ya kutoa mizigo iliyorudishwa na madeni yaliyopitiliza muda wake. Andy Grove, aliyeiongoza Intel, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za kompyuta, alikuwa mtetezi wa vipimo vya jozi vya namna hiyo, na ubaya wake ni mmoja tu, kwamba vinahitaji mtu wa kuvifuatilia kila mwezi bila kukosa. Mnaweza pia kulijaribu lengo kwa robo mwaka moja katika kitengo cha mauzo pekee bila kulitangaza kwa wote, mkajua mapema kama namba ni ya kweli. Katika njia zote hizi ningekuomba ujiulize jambo moja: ni nani atakayeuliza kuhusu lengo hili katika wiki ile ambayo mteja mkubwa amelalamika? Kama jibu ni wewe, basi kuuliza huko ndiko kunapaswa kuwa zoea lako, na huenda yale ya alfajiri yakangoja.

Umeuliza pia kama unyamaze hadi ujirekebishe. Naielewa haya iliyo nyuma ya swali hilo, nayo ni haya ya mtu anayewajali watu wake. Lakini ukimya ndicho kitu ambacho wameshakipokea mara nyingi. Kwa upande mwingine, nisingekusukuma usimame mbele ya wote ukiri udhaifu wako kwa hotuba, kwa kuwa masikio yao yamezoea hotuba, na ya unyenyekevu ingeweza kusikika kama nyingine ya robo mwaka. Kati ya hayo mawili yapo mazungumzo ya watu wachache: wewe na wakuu wa vitengo, mlango umefungwa, ukiwauliza ni lengo lipi moja wanaamini mnaweza kulishika. Na kuhusu haki ya kuwasimamia wengine, swali lako linachukulia kwamba uongozi ni zawadi ya mtu aliyekwisha kujishinda. Sioni kama watu wako wanakudai hilo. Katika yote aliyokuambia msaidizi wako, hakutaja saa unayoamka.

Yeye ndiye anayenitia wasiwasi kuliko mbia. Ukimwita na kumwahidi mpango mpya ili abaki, utakuwa unathibitisha alichokisema. Ukimhoji kuhusu zile tetesi, atajihami. Unaweza kumshukuru kwa maneno yake na kumuuliza angependa kuona nini kikiendelea bila kukatika kwa miezi mitatu ijayo, kisha usikilize bila kuahidi siku hiyohiyo. Huenda akaondoka hata hivyo, na hilo halitakuwa lazima limesababishwa nawe.

Ni nani wa kuzungumza naye kwanza, sina uhakika. Ukianza na msaidizi, utamwendea mbia ukiwa na picha halisi ya wauzaji na stoo, lakini mbia anaweza kuhisi umemzunguka. Ukianza na mbia, mtaelewana nyinyi wawili juu ya namba kabla hamjawasikia watakaoibeba. Wewe unawajua wote wawili, na kikao bado hakijafika.

Wako katika kutafakari,
Mshauri